Tuazime kanuni za nyuklia kwa Wamarekani au kwa Wajapani?

Nchi isiyowahi kuwa na kinu cha nyuklia haitungi kanuni zake kutoka kichwani; inaazima. Kenya imo katika kazi hiyo tangu ilipopitisha Sheria ya Udhibiti wa Nyuklia ya 2019, na Uganda, iliyotenga eneo Buyende kwa ajili ya kinu chake cha kwanza, iko njia hiyo hiyo. Na kanuni ya kuazima huja na makovu ya mwenyewe. Kikwangue kifungu chochote kizito cha usalama wa vinu, chini yake utakuta tarehe: 28 Machi 1979 huko Pennsylvania, 26 Aprili 1986 huko Chernobyl, 11 Machi 2011 huko Fukushima.

Tuseme basi wewe ni mmoja wa watakaoitwa kutoa maoni. Labda unakaa Uyombo, Kilifi, ambako mwaka 2024 wakazi waliandamana kuukataa mradi; labda unakaa Siaya, ambako macho ya serikali yalihamia baadaye. Utawekewa rasimu nene, na ndani yake utasoma mara nyingi kwamba jambo hili au lile litafanyika "kwa mujibu wa viwango vya kimataifa". Maneno hayo yanaficha uchaguzi. Namna Wamarekani wanavyoandika kanuni baada ya ajali si namna ya Wajapani, na zinaachana mahali pale pale ambapo jirani wa kinu atapona au ataumia.

Nautanguliza msimamo wangu ili usinisome kwa kunivizia. Kwa nguvu ya sheria yenyewe, ningeazima Japani. Kwa kuhamisha watu na kwa ukaguzi wa kila siku, ningeazima Marekani. Ufaransa nitaigusa kwa sababu ina somo moja la uchungu kuhusu tarehe.

Taa iliyozimika

Anza na Marekani, kwa sababu wao ndio waliotangulia kuungua. Saa kumi alfajiri ya 28 Machi 1979, katika kinu namba 2 cha Three Mile Island, pampu za maji zilisimama. Shinikizo likapanda, vali ya kupunguzia shinikizo ikafunguka kama ilivyotakiwa. Baada ya sekunde chache ilipaswa kujifunga. Ilikwama wazi, na ikabaki wazi kwa zaidi ya saa mbili, maji ya kupozea kiini, yaani pale penye fueli, yakitoka kupitia humo.

Ndani ya chumba cha udhibiti kulikuwa na taa ndogo ya vali hiyo, nayo ilizimika. Kwa wafanyakazi wa zamu, taa kuzimika maana yake vali imefungwa. Lakini taa ile haikuwa imeunganishwa na vali. Iliunganishwa na umeme unaoiamuru vali ijifunge. Amri ilitolewa, taa ikazimika, vali haikutii. Ving'ora zaidi ya mia vikawa vinalia kwa pamoja, kipimo kimoja kikionyesha maji yamejaa kupita kiasi, na wafanyakazi wakafanya jambo lililoonekana la busara: wakapunguza maji ya dharura. Takriban nusu ya kiini iliyeyuka.

Nimeikalia taa hii kwa sababu inaonyesha jinsi kanuni inavyozaliwa kwa namna ya Kimarekani: kutoka kwenye kasoro moja kwenda kwenye agizo moja, haraka. Kabla mwaka haujaisha, Tume ya Udhibiti wa Nyuklia, ile NRC, ilikuwa imetaka kila kinu kionyeshe hali halisi ya vali, si hali ya amri. Rais Carter aliunda tume ya watu 12 chini ya John Kemeny, mkuu wa chuo cha Dartmouth, na ripoti ikakabidhiwa Oktoba hiyo hiyo. Novemba 1980 NRC ikatoa orodha ndefu ya mambo ambayo kila mwenye leseni alitakiwa kuyatimiza: vipimo, mafunzo, mpangilio wa vyumba vya udhibiti, mshauri wa kiufundi katika kila zamu.

Tume ya Kemeny ilisema jambo lingine ambalo halikugeuka kanuni kirahisi. Miezi 18 kabla ya ajali, Septemba 1977, vali ya aina hiyo ilikwama wazi katika kinu cha Davis-Besse huko Ohio, kilichojengwa na kampuni ile ile. Wafanyakazi wa Davis-Besse waligundua baada ya dakika kama 20, wakaizuia njia, mambo yakaisha. Habari hazikufika Pennsylvania kwa namna ya kumsaidia mtu. Dawa ya hilo haikutoka serikalini. Makampuni ya umeme yenyewe, Desemba 1979, yaliunda taasisi yao ya kukaguana na kupashana habari za hitilafu, INPO, makao yake Atlanta. Mdhibiti anaweza kuandika "mtapashana habari", lakini aliyeumia mfukoni hupasha habari kwa kasi zaidi. Jirani yako akilipukiwa, kibali chako nawe kinatikisika.

Na pendekezo jingine la Kemeny lilitupwa kapuni. Alitaka NRC iache kuongozwa na makamishna watano, iwe chini ya mkuu mmoja. Carter akakataa, akampa mwenyekiti nguvu zaidi basi. Tume ya uchunguzi hupendekeza. Mwenye kalamu ni mwingine.

Jenereta za chini ya sakafu

Fukushima ilikuwa tofauti tangu mwanzo wake, kwa sababu kasoro ilikuwa inajulikana. Tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilipiga saa 8:46 mchana. Vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima vyenyewe, jenereta za dizeli zikawaka, kila kitu kikaenda kama kitabu kinavyosema. Karibu dakika 50 baadaye likaja wimbi la mita kama 14 hadi 15. Kiwanja chenyewe kilikuwa mita 10 juu ya bahari, na kinga ilikuwa imepigiwa hesabu ya wimbi la mita 5.7. Jenereta nyingi zilikuwa chini ya sakafu, kwenye vyumba vya ardhini. Zikafa pamoja na mbao za kugawia umeme. Wafanyakazi walikwenda kwenye maegesho, wakang'oa betri za magari, wakaziunganisha na vipimo ili wajue tu maji yako wapi ndani ya kinu. Walisoma namba kwa tochi.

Sasa rudi nyuma. Mwaka 2008 kampuni yenyewe, TEPCO, ilikuwa imepiga hesabu ya ndani na kupata wimbi linaloweza kufika mita 15.7. Haikujenga kitu. Mwongozo wa Japani wa mwaka 1990 uliandika waziwazi kwamba hakuna haja ya kuzingatia kukatika kwa umeme wote kwa muda mrefu, kwa kuwa umeme utarudishwa. Soma tena: kanuni yenyewe ndiyo iliyoruhusu kutojiandaa. Na mdhibiti, NISA, alikuwa idara ndani ya wizara ya uchumi na viwanda, wizara ile ile yenye kazi ya kuutangaza umeme wa nyuklia.

Tume ya uchunguzi ya Bunge la Japani, chini ya Kiyoshi Kurokawa, ilitoa ripoti Julai 2012 na kuiita ajali hiyo msiba uliotengenezwa na binadamu. Ilisema mdhibiti alikuwa ametekwa na aliopaswa kuwadhibiti. Ndiyo maana Wajapani hawakuandika orodha ya marekebisho kama Wamarekani wa 1980. Walivunja nyumba. NISA ikafutwa, na 19 Septemba 2012 ikaanza Mamlaka mpya ya Udhibiti wa Nyuklia yenye makamishna watano, ikawekwa upande wa wizara ya mazingira. Maofisa wake wakafungiwa mlango wa kurudi kwenye idara zinazouendeleza umeme wa nyuklia, na vikao vyake vikawa vinarushwa mtandaoni. Tarehe 8 Julai 2013 kanuni mpya zikaanza kufanya kazi, na hazikuwasamehe vinu vya zamani: ama utimize, ama usiwashe. Nchi iliyokuwa na vinu 54 ilikaa karibu miaka miwili bila hata kimoja kinachozalisha, hadi Sendai 1 kilipowashwa Agosti 2015.

Ukiziweka kando kwa kando, Marekani ilirekebisha kifaa na mafunzo huku vinu vingi vikiendelea kuzunguka, Japani ilirekebisha mdhibiti kwanza na kifaa baadaye, vinu vikiwa vimezimwa. Nani mwenye haki inategemea unadhani ajali ilisababishwa na nini. Taa mbovu inatengenezeka wakati kinu kinafanya kazi. Mdhibiti aliyetekwa hatengenezeki akiwa kazini.

Bomba moja, nchi mbili

Hapa ndipo tofauti inapoonekana kwa jicho. Vinu vya Fukushima vilikuwa vya maji yanayochemka, vyenye nyumba ndogo ya kuzuia mionzi. Shinikizo likizidi ndani ya nyumba hiyo, lazima upunguze kwa kutoa hewa nje kupitia bomba, la sivyo nyumba itapasuka. Siku ile kuifungua njia ya bomba kulitaka umeme na hewa ya mgandamizo, na vyote havikuwepo. Watu waliingia gizani kufungua vali kwa mikono.

Marekani ilikuwa na vinu 31 vya ukoo huo. NRC ilituma jopo lake, likatoa mapendekezo 12 mwezi Julai 2011, na mwezi Machi 2012, mwaka mmoja tu baada ya ajali, yakatoka maagizo matatu. Moja liliwataka wenye vinu hivyo wawe na bomba madhubuti linalofunguka hata umeme ukiwa umekatika. Kasi hiyo ni ya kusifiwa. Likabaki swali: bomba hilo liwe na kichujio cha kunasa chembe za mionzi kabla hewa haijatoka nje? Wataalamu wa NRC yenyewe walipendekeza ndiyo. Makamishna, Machi 2013, hawakuagiza. Mwaka 2015 faili likafungwa.

Sababu ni kanuni nyingine, ya zamani kuliko Fukushima. Mdhibiti wa Marekani akitaka kuongeza mzigo juu ya kinu chenye leseni, sharti aonyeshe kwamba usalama unaongezeka kwa kiasi kikubwa na kwamba gharama inalipa. Kuna mlango mmoja wa kukwepa hesabu hiyo: akisema kitu ni cha lazima ili usalama uwe wa kutosha, gharama haiulizwi. Bomba na vifaa vya dharura vilipita kwa mlango huo. Kichujio hakikupita. Kilipowekwa kwenye mizani ya hesabu, kilikuwa chepesi, maana ajali ni adimu, na faida ya kitu adimu ukiigawanya kwa miaka inakuwa sarafu. Tangu 1995 NRC ilikuwa na bei ya kupigia hesabu hizi: dola 2,000 kwa kila rem moja (kipimo cha dozi ya mionzi) inayoepushwa kwa mtu mmoja. Sisemi kuweka bei ni uovu. Hata daraja hujengwa kwa hesabu ya namna hiyo. Nasema tu mkazi ajue bei ipo, na aulize ya kwake itakuwa ngapi.

Japani ilisema: kinu cha maji yanayochemka hakiwashwi bila kichujio. Basi.

Cha kuchekesha, kama kuna cha kuchekesha, ni Sweden. Baada ya Three Mile Island, ajali iliyotokea kwa Wamarekani, Waswidi walianza na Barsebäck mwaka 1985, na hadi mwisho wa 1988 vinu vyao vyote vilikuwa na vichujio. Msiba wa Pennsylvania ulizaa kichujio Ulaya Kaskazini, wala si Pennsylvania. Nchi isiyo na kinu hata kimoja haina cha kubomoa, kwa hiyo hesabu ile ya "je, inalipa kukiongeza?" haituhusu. Kitu kikiwekwa kwenye mchoro kabla ya zege kumwagwa ni rahisi. Rasimu yetu ikija na kile kipengele cha Kimarekani cha gharama, kitakuwa kimeazimwa na mtu asiyesoma alichokiazima, au aliyekisoma vizuri sana.

Tarehe yenye meno

Kanuni mpya za Japani zilitaka kila kinu kiwe na kituo cha akiba, mbali kidogo na kinu chenyewe, cha kukiongoza iwapo magaidi wataangusha ndege juu yake. Muda ulitolewa: miaka mitano. Makampuni yakaona haitoshi, na mamlaka ikaulegeza kidogo kwa kuhesabu miaka mitano tangu kila kinu kilipoidhinishiwa mpango wa ujenzi. Aprili 2019 makampuni yakarudi tena: ardhi ngumu, ujenzi mkubwa, tuongezeeni. Mamlaka ikakataa. Tarehe 16 Machi 2020 Sendai 1, kinu kizima, kisicho na hitilafu, kikazimwa kwa sababu jengo halikuwa tayari. Kilirudi kazini Novemba.

Linganisha na Ufaransa. Baada ya Fukushima Wafaransa walikuja na wazo ninalolipenda kuliko yote: kila kinu kiwe na "kiini kigumu" cha vifaa vichache vitakavyobaki hai hata kila kingine kikifa, pamoja na kikosi cha haraka cha kitaifa cha kufika na pampu na jenereta. Miongoni mwa vifaa hivyo ni jenereta kubwa ya mwisho kwa kila kinu, 56 kwa jumla, ikiwa imewekwa juu, mbali na maji. Mwisho wa kuzijenga ulikuwa 31 Desemba 2018. Ulipokaribia, nyingi hazikuwa tayari, na mdhibiti akasogeza hadi mwisho wa 2020. Hakuna kinu kilichozimwa. Nakubali kwamba jenereta zilijengwa na kwamba ziko nyingi kuliko kwa wengine. Lakini kanuni ile ilikuwa na tarehe bila kusema nini kinatokea tarehe ikipita. Na Ufaransa ilikuwa na onyo lake la nyumbani: Desemba 1999 dhoruba ilisukuma maji ndani ya mtambo wa Blayais karibu na Bordeaux. Mwongozo mpya wa mafuriko ulitoka 2013.

Hapa Marekani inakaa katikati. Maagizo yake ya 2012 yalikuwa na tarehe na yalitimizwa kwa jumla. Makampuni yalijenga hata maghala mawili ya pamoja, Memphis na Phoenix, yenye pampu na jenereta za kupelekwa kokote. Ila mwisho wa hadithi una ukakasi. Wenye vinu walitakiwa kupima upya mafuriko na matetemeko kwa sayansi ya leo. Wengi wakapata namba kubwa kuliko walizojengea. Rasimu ya kanuni ya kudumu ilitaka vifaa vya dharura vikingwe dhidi ya namba hizo mpya. Januari 2019 makamishna walipiga kura, 3 kwa 2, sharti hilo likaondolewa. Karibu miaka minane ilikuwa imepita tangu wimbi.

Japani nayo imechakaa, tusijidanganye. Baada ya ajali sheria iliweka ukomo wa miaka 40 kwa kinu, na nyongeza moja ya hadi miaka 20. Mwaka 2023 sheria ilibadilishwa ili miaka ambayo kinu kilikaa kimezimwa isihesabiwe. Ndani ya mamlaka kura ilikuwa 4 kwa 1. Aliyepinga, Akira Ishiwatari, mtaalamu wa jiolojia, alisema hakuna ugunduzi mpya wa kisayansi unaohitaji mabadiliko hayo. Lakini mamlaka hiyo hiyo, Novemba 2024, ilikikatalia rasmi kinu cha Tsuruga 2 kwa kuwa huenda kuna ufa hai wa ardhi chini yake. Ilikuwa mara ya kwanza kinu kukataliwa chini ya kanuni mpya. Meno yamepungua makali, hayajang'oka.

Watu watatokaje?

Hapa nageuza kibao, kwa sababu kwenye hili Japani si ya kuigwa.

Mwaka 1979 gavana wa Pennsylvania, siku mbili baada ya ajali, aliwashauri wajawazito na watoto wadogo walio ndani ya maili 5 waondoke. Waliondoka watu takriban 140,000, wengi hawakuwa wajawazito wala watoto. Mpango haukuwepo. Mwaka uliofuata kanuni ikatoka: eneo la maili 10 kuzunguka kinu, kama kilomita 16, liwe na mpango wa kuhamisha watu na mfumo wa kuwapa taarifa ndani ya dakika 15, eneo la maili 50 liwe na mpango wa kulinda chakula na maji. Na mpango huo ukafungwa kwenye leseni. Bila mpango unaokubalika, kinu hakifanyi kazi.

Wenye Shoreham, kinu cha kisiwa cha Long Island karibu na New York, waliona maana yake. Kinu kilikamilika. Februari 1983 serikali ya wilaya ya Suffolk ikasema imeangalia ramani, na hakuna njia ya kuwatoa watu kisiwani salama, kwa hiyo haitashiriki mpango wowote. Mvutano uliendelea miaka. Mwaka 1989 yakafikiwa makubaliano ya kukifunga, baada ya kutumika dola kama bilioni 6, bila kuuza umeme wa kibiashara hata siku moja. Unaweza kusema ni hasara ya kipumbavu. Kwangu ni ushahidi kwamba kifungu kile kilikuwa kifungu kweli.

Japani imeweka eneo la maandalizi la kilomita 30, pana kuliko la Wamarekani. Lakini mamlaka ya udhibiti haikagui mpango wa kuhamisha watu kama sharti la kuwasha kinu. Mpango ni kazi ya serikali za mikoa na miji. Tokai 2, kaskazini ya Tokyo, kina watu zaidi ya 900,000 ndani ya kilomita 30. Machi 2021 mahakama ya wilaya ya Mito ilikizuia kisiwashwe kwa kuwa mipango ya kuwahamisha haikutosha. Tazama aliyezuia: jaji, si mdhibiti. Mkazi alilazimika kwenda mahakamani kupata kile ambacho Marekani kimo kwenye leseni.

Weka hilo kwenye ramani ya Kilifi. Barabara kuu ni moja, ya Mombasa hadi Malindi, na Uyombo iko upande wa bahari na Mida Creek. Siaya iko kando ya ziwa. Mimi ningeanza kuisoma rasimu kwenye sehemu hii kabla ya kufika kwenye kinu chenyewe.

Jambo la pili la kuazima Marekani ni dogo kwa sauti. Baada ya 1979 NRC iliweka wakaguzi wakazi kila mahali penye kinu: mtumishi wa serikali mwenye ofisi ndani ya uzio, anayeingia chumba cha udhibiti bila kubisha hodi. Mpango ulikuwa umeanza 1978, ajali ikaukuza. Mkaguzi anayekuja kwa miadi hukuta sakafu imepigwa deki. Mkaguzi mkazi huona sakafu ya Jumanne.

Kwa nini Chernobyl haimo kwenye mizani

Kwa sababu haikuacha namna ya kuandika kanuni ambayo raia anaweza kuishika. Wasovieti walirekebisha vinu vya ukoo ule: fueli ikarutubishwa kutoka asilimia 2.0 hadi 2.4, fimbo za kuzima zikaharakishwa, vifyonzaji vikaongezwa. Kazi nzuri, iliyofanyika bila umma kuuliza. Lawama mwanzoni waliangushiwa wafanyakazi. Ripoti ya washauri wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki ya 1986 ilikwenda na maelezo hayo, na ikabidi mwaka 1992 washauri hao hao waandike upya na kuutaja mchoro wa kinu wenyewe.

Lakini Chernobyl ilitoa kitu kingine. Asubuhi ya 28 Aprili 1986, katika mtambo wa Forsmark huko Sweden, zaidi ya kilomita elfu moja kutoka Chernobyl, king'ora kililia kwa sababu ya viatu vya mfanyakazi. Alikuwa anaingia, si anatoka. Mionzi ilikuwa nje, kwenye nyasi. Dunia ilijua kwa njia hiyo, Moscow ikiwa kimya. Miezi mitano baadaye, Septemba 1986, ulipitishwa mkataba wa kupashana habari za ajali mapema, ukaanza kazi mwezi uliofuata. Mkataba wa usalama wa nyuklia ulikuja 1994. Huo wa pili hauna adhabu. Nchi huandika ripoti na kuhojiwa na wenzake. Waswisi walipojaribu baada ya Fukushima kuubana kwa marekebisho, walishindwa, na Februari 2015 likatoka tamko badala yake. Basi ukisikia "tumeridhia mikataba yote", pokea kwa heshima, kisha endelea kusoma.

Ya nani, kwa nani

Kama nchi yako bado haijajenga, chukua muundo wa Kijapani wa 2012: mdhibiti nje ya wizara ya nishati, ofisa asiyerudi upande wa pili, kanuni inayokibana kinu kila sayansi inapobadilika bila kuulizwa bei, na kuzima kuwa ndiyo adhabu ya tarehe kupita. Kenya ina mwanzo mzuri hapa, maana mdhibiti na wakala wa kuendeleza nyuklia ni taasisi mbili. Tanzania, yenye urani ya Mkuju na bila mpango wa kinu ulio karibu, bado ina Tume ya Nguvu za Atomiki inayodhibiti na kuhamasisha chini ya paa moja. Kwa mashine za eksirei na vyanzo vya mionzi viwandani hilo linavumilika. Marekani yenyewe iliitenganisha tume yake ya namna hiyo kwa sheria ya 1974, na hiyo ilikuwa kabla ya ajali.

Kama unakaa jirani na eneo lililotajwa, na una nafasi ya kusema jambo moja tu kwenye kikao, omba la Kimarekani: mpango wa kuhamisha watu uwe sharti la leseni, na kaunti iwe na sahihi yake kwenye mpango huo.

Na kama wewe ndiye uliyepewa kuandika, kuna sentensi moja ya kutafuta kwenye kila rasimu unayoiazima, iwe ya Kiingereza, ya Kifaransa au tafsiri ya Kijapani. Ni ile inayofuata baada ya tarehe. Mara nyingi haipo, na nafasi yake imeachwa wazi, kama taa ile ya Pennsylvania: amri imetolewa, vali hakuna aliyeiona.